Kikombe Juu ya Kipanya

Siku ya tangazo, Mkasi alifagia chumba cha kazi kama mtu anayengoja kuletewa posa. Alifuta vumbi kwenye skrini mbili, akafuta na juu ya Kabati, kisha akavitoa viti vilivyokuwa vimeegemezwa ukutani na kuvipanga nusu duara. Alipomaliza alirudi nyuma hadi mlangoni ili avitazame, na viti navyo vikamtazama.

Kabati lilikuwa jina la kompyuta. Lilisimama chini ya meza, pana, la chuma, zito kiasi kwamba siku lilipoletwa wanaume wawili walilipandisha ngazi huku wa tatu kazi yake ikiwa kutoa amri tu. Feni zake zilivuma kutwa nzima. Lilitengenezwa na kampuni iliyowahi kuwapenda watu wa namna ya Mkasi: wakata filamu, wachanganya sauti, wachora ramani za majengo, wapanga kurasa za vitabu. Kwa watu hao kompyuta si pambo, ni jembe. Kampuni ile ilisimama kwa miguu ya watu hao, na ilipokwisha kusimama ikagundua simu. Tangu hapo kila mwaka ilifanya tangazo lake kwa muziki na taa, na kila mwaka ikatoa simu ileile yenye rangi nyingine. Kompyuta ya mezani ikaachwa kama mke mkubwa: hakupewa talaka, lakini hakupigiwa hodi pia.

Zamani viti vile havikutosha. Wakata filamu na wenzao walikuwa na kundi lao simuni, wakaliita Wangojaji, na siku ya tangazo wote walipanda ngazi kuja kwa Mkasi, kwa sababu skrini zake zilikuwa kubwa na mkewe alikuwa hafungi mlango. Mchora ramani alikuja na kijana wake wa kiume, mpanga kurasa alikuja na karanga. Walikaa wakangoja kusikia neno moja tu, kwamba mashine mpya ya mezani imetoka. Badala yake waliona simu ya rangi ya zambarau.

"Mwaka huu wametuletea zambarau," mpanga kurasa alisema siku hiyo. "Mwakani watatuletea papai. Tutakula matunda mpaka tuzeeke."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mchora ramani alimjibu.

"Basi mimi yangu yameshapasuka."

Walicheka, wakanywa chai, wakaitukana kampuni kwa heshima na taadhima, wakaagana hadi mwaka mwingine. Lakini hasira inayoishia kwenye kicheko haina miguu ya kwenda mbali. Mpanga kurasa ndiye aliyeanza kuhama. Programu yake ya kupangia vitabu ilitoka toleo jipya lililokataa kufunguka kwenye mashine ya zamani, akanunua kompyuta ya kampuni nyingine, na kwa muda alikuja kwenye tangazo akiwa ameinamisha macho kama aliyebadili dini. Mchora ramani alipata ya kupakata. Wengine hawakusema kitu, walitoweka tu, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwenye hotuba ndefu. Mwishowe wakabaki Mkasi na Sikio.

Sikio alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Mkasi alikata picha, Sikio aliweka sauti. Walikaa bega kwa bega kwenye meza moja miaka yote hiyo, mmoja akiwa macho, mwingine masikio, na watu wa mtaani walizoea kusema kwamba wale wawili ukiwachanganya unapata mtu mmoja aliyekamilika.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja. Picha zikishakatwa na sauti ikishawekwa, Kabati liliachiwa kazi ya kuunganisha vyote viwe filamu moja. Kazi hiyo wao waliiita kupika. Likipika haliguswi. Mtu akisukuma kipanya cha kompyuta kwa bahati mbaya, lingeweza kuganda na shughuli yote ikaanza upya. Kwa hiyo anayeanzisha mapishi alichukua kikombe cha bati, akakipindua, akakiweka juu ya kipanya. Kikombe kikiwa juu, mikono iwe chini. Na kwa vile hapakuwa na la kufanya, walikaa wakazungumza. Hapo ndipo Sikio alipomsema shemeji yake kwa viatu vyake, na dada mtu alipopanda na sahani kuwaamua. Kadiri Kabati lilivyochakaa na picha za siku hizi zilivyozidi kuwa nzito, ndivyo mapishi yalivyorefuka. Walilalamika sana. Mazungumzo nayo yalirefuka, na hilo hawakulilalamikia.

Kisha mke wa Mkasi akafariki. Baada ya muda binti ya Sikio akajifungua huko mji mwingine, akamwita baba yake akakae naye. Sikio alifunga begi lake polepole sana. Mkasi alilibeba mpaka mlangoni, akasimama nalo, hakulitua wala hakulitoa.

"Kabati limechoka, shemeji," Sikio alisema. "Na mimi nimechoka kulingoja. Lakini mashine mpya ikitoka, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kupanda ngazi hizi. Andika."

Alirudia maneno hayo kwenye kundi, wote wakayaona. Hedifoni zake aliziacha zimening'inia kwenye msumari, upande wake wa meza. Mkasi hakuzigusa. Kitu cha mtu anayerudi hakiondolewi mahali pake.

Tangu siku hiyo Mkasi aliwaambia watu kwamba anangoja mashine. Haukuwa uongo.

Mwaka huu kungoja huko kulimtia aibu. Chuo cha wauguzi kilimpa kazi ya filamu ya mahafali, naye aliikata vizuri: kofia nyeupe, mikono iliyoinuliwa, wazazi waliojifuta macho. Ilikuwa desturi yake, akimaliza kukata, kuizima mistari yote ya sauti iliyokuwa chini ya picha, ili Sikio aifungue mwenyewe mmoja mmoja na kuisikiliza kwa masikio mapya. Tangu Sikio aondoke alikuwa akikumbuka kuiacha wazi, sauti ikapita jinsi ilivyorekodiwa, ovyo ovyo, na wateja wakamvumilia. Safari hii mkono ulifanya ulichozoea. Ulizima mistari yote, ukaanzisha mapishi, ukapindua kikombe. Filamu ikaiva bila sauti hata chembe. Naye hakuisikiliza kabla ya kuipeleka, kwa sababu kusikiliza hakukuwa kazi yake. Aliitazama tu, akaridhika.

Mkuu wa chuo alimpigia simu baada ya filamu kuonyeshwa ukumbini.

"Fundi," alisema, "wahitimu wangu wamekula kiapo kimyakimya."

"Kimyakimya vipi, mama?"

"Midomo inafunguka na kufungwa. Mzazi mmoja ameniuliza kama ni filamu ya samaki. Na mimi mwenyewe hotuba yangu yote natafuna tu, kama mtu aliyepewa mua."

Mkasi alifungua filamu akaitazama tena, na kwa mara ya kwanza akasikia kwamba hasikii kitu.

"Mama, unisamehe. Sauti ni ya mwenzangu."

"Mwenzako yuko wapi?"

Angeweza kusema ameondoka. Ulimi ukakataa. "Yuko njiani," alisema.

"Basi akifika mwambie tunamngoja. Wasichana wale wanataka kujisikia wakiapa."

Ndiyo maana viti vilipangwa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba mwaka huu kampuni imewakumbuka watu wake wa zamani, na Mkasi aliuamini. Mashine ikitoka, Sikio atapanda ngazi, sauti ya wauguzi itawekwa, na neno alilompa mkuu wa chuo litakuwa kweli.

Mama Mapazia, ambaye duka lake la kushona mapazia lilikuwa chini ya chumba kile, alipanda akiwa na utepe wa kupimia shingoni.

"Una harusi?" aliuliza alipoviona viti.

"Leo ni tangazo."

"Mwaka jana uliniita kwa tangazo hilohilo. Nikaacha cherehani yangu nije kuona saa ya mkononi."

"Mwaka huu ni tofauti."

"Na mwaka jana ulikuwa tofauti." Alivitazama viti, akamtazama yeye, sauti ikalainika. "Kaka, nina wateja wamesimama huko chini kama nguzo. Niazime viti, nitavirudisha. Unangoja watu wangapi?"

Mkasi alifikiri. "Niachie viwili," alisema.

Mama Mapazia hakuuliza cha pili ni cha nani. Aliviteremsha vingine akiwa amevikumbatia, na ngazi zikaguna mpaka alipofika chini.

Tangazo lilianza alasiri kwenye skrini. Bwana mmoja wa viatu vyeupe alitembea huku na huku jukwaani. Simu ilikuja, safari hii ya rangi ya kutu, na Mkasi akatabasamu, kwani kutu si tunda na mpanga kurasa angelikuwa na la kusema. Ikaja saa ya mkononi. Vikaja vitu vya kutia masikioni. Jua lilihama dirishani likapanda kwenye mguu wa meza. Kisha taa za jukwaani zikafifia, na bwana wa viatu vyeupe akaweka mkono kifuani.

"Kuna watu wetu," alisema, "waliotungoja kwa muda mrefu. Tumewasikia."

Ikatokea. Ilikuwa ya mezani, ya chuma, yenye mpini wa kuifungulia ubavuni. Mkasi alijikuta amesimama. Akageuka kulia ili auone uso wa Sikio, na akakiona kiti.

Alikaa tena. Jukwaani mtu mwingine aliletwa kuionyesha. Alichukua filamu nzito kuliko zote ambazo Mkasi amewahi kukata, akabonyeza, na kabla hajainua kidole ikawa imeiva. Watu ukumbini walipiga makofi. Mkasi alikiangalia kikombe cha bati kwenye kona ya meza. Kwa kasi ile kikombe kisingepata hata nafasi ya kupinduliwa.

Alichukua simu akaandika kwenye kundi la Wangojaji: Imetoka.

Alingoja. Mchora ramani akaleta kidole gumba. Mpanga kurasa akaandika: Nini hiyo? Kisha, kabla Mkasi hajamaliza kumjibu, yakajitokeza maandishi madogo ya kijivu kwamba mpanga kurasa ameondoka kwenye kundi. Pengine kundi lilikuwa limemtoka akilini, na ujumbe ule ndio uliomkumbusha kwamba bado yumo.

Akampigia Sikio.

"Shemeji wangu," Sikio aliitikia, na nyuma yake kijiko kilikuwa kinagonga sahani. "Bado unakula chumvi?"

"Imetoka."

"Nini kimetoka, jino?"

"Mashine. Ya mezani. Mpya."

Kijiko kiligonga, kikanyamaza. "Ala," Sikio alisema. "Walikuwa wanaichonga kwa kucha?"

Mkasi alicheka, akacheka kupita kiasi cha mzaha wenyewe, kwa kuwa alikuwa ameutunzia kicheko hicho muda mrefu. "Inafunguka ubavuni," alisema. "Ungeiona. Inapika mara moja. Na ngazi zimepakwa rangi, zile zilizokuwa zinachubuka. Hedifoni zako zipo palepale."

"Zipi?"

"Zako. Za kwenye msumari."

"Bado zipo hizo? Mimi nilikwisha nunua nyingine, shemeji. Nilidhani nilikuambia."

"Hukuniambia."

"Basi ni uzee. Nafanyia kazi hapa meza ya jikoni siku hizi. Nina kakompyuta ka kupakata. Si kazuri kihivyo, lakini mjukuu akilia nakafunga, akinyamaza nakafungua. Tunaelewana."

Mkasi aliutazama msumari. "Ulisema ikitoka utakuwa wa kwanza kupanda ngazi."

"Nilisema."

"Mbele ya kundi zima."

"Nilisema, shemeji." Sikio alishusha pumzi, na alipozungumza tena utani ulikuwa umemtoka. "Nilisema kwa sababu nilijua haitatoka."

Jukwaani walikuwa wameanza kuagana. Mkasi alinyoosha mkono akapunguza sauti, ingawa ilikuwa ndogo tayari.

"Ningekuambia nini?" Sikio aliendelea. "Dada ametangulia. Wewe umesimama pale mlangoni umekumbatia begi langu kama unasafiri wewe. Nikuambie sirudi? Nikaona nikupe neno la kushika."

"Neno la kushika."

"Ee. Nilidhani baada ya muda ungelitua."

Wote wawili walinyamaza. Walikuwa wamewahi kunyamaza pamoja mara nyingi, Kabati likipika, lakini kunyamaza kule kulikuwa na feni na harufu ya chai.

"Una kazi iliyokwama?" Sikio aliuliza hatimaye. "Nitumie sauti, nitakusafishia hapahapa. Huna masikio wewe."

"Ninayo mawili, kama watu wengine."

"Hujawahi kuyatumia."

"Basi bado ni mapya," Mkasi alisema. "Msalimie binti. Msalimie na mjukuu."

"Shemeji, usikasirike."

"Sijakasirika. Ungekuwa hapa ungeona."

Alipokata simu, hakulia wala hakutupa kitu. Alikaa mpaka jua likahama kutoka mguu wa meza hadi kwenye waya. Kisha akasimama, akazunguka upande wa pili, akazitoa hedifoni msumarini. Sifongo yake ilikuwa imeoza, ikamwachia chembe nyeusi mikononi na baadaye masikioni. Akaifungua kazi ya wauguzi, akaanza kuiwasha mistari ya sauti mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayewasha taa katika nyumba ya jirani aliyesafiri.

Hakujua kwamba picha zake zilikuwa na fujo kiasi kile. Viti viliburutwa. Mtoto mchanga alilia katikati ya hotuba ya mkuu wa chuo, mtu akakohoa, mwingine akamwambia mwenzake kwamba mguu umekufa ganzi. Hivyo vyote Sikio alikuwa akiviondoa, mwaka baada ya mwaka, pembeni yake, na Mkasi akidhani ukumbi ulikuwa kimya. Alijaribu kumwondoa mtoto, na mkuu wa chuo akaondoka naye. Akawarudisha wote. Alipunguza hapa, akaongeza pale, akakosea, akarudia. Kiapo kilipofika, wasichana walianza kwa woga, wakitofautiana, na mahali fulani katikati sauti zao zikakutana. Mahali hapo Mkasi hakupagusa.

Alimpigia mkuu wa chuo. "Mwenzangu haji, mama," alisema. "Lakini sauti inakuja. Si safi sana."

"Nasikika?"

"Unasikika. Kuna mtoto analia."

"Ni wa mwalimu wa zamu. Alilia kweli, mwache."

Akaanzisha mapishi. Feni za Kabati zilipanda sauti kama zinavyofanya siku zote likipewa mzigo, na mkono wake ukakichukua kikombe cha bati, ukakipindua, ukakiweka juu ya kipanya.

Mama Mapazia alipanda na viti, viwili kila mkono, uzi umemng'ang'ania begani. "Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka."

"Basi umefurahi."

"Nimefurahi."

Alimtazama. Aliviegemeza viti ukutani, akasogea mezani kukishika kikombe, kwa kuwa mwanamke yule hakuweza kukiona chombo kimepinduliwa asikiinue.

"Usikiguse."

"Kwa nini?"

"Kimewekwa ili mtu asiguse mashine."

"Mtu gani?"

Mkasi aliangaza macho chumbani, kwenye viti vya ukutani, kwenye msumari mtupu. Mama Mapazia akauacha mkono ushuke, akavuta kiti cha Sikio bila kuomba ruhusa, akakikalia, akaanza kujikanda magoti.

"Linapika mpaka lini hili?"

"Mpaka usiku."

"Na hiyo mpya?"

"Hiyo mara moja. Hupati hata muda wa kukaa."

"Basi ni ya nini?" Mama Mapazia alisema, na alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa. "Utainunua?"

"Bado nafikiri."

Mteja akaita kutoka chini, mama wee, mapazia yangu mafupi. Mama Mapazia akajiinua kwa kushika meza, mbali na kipanya, akashuka akilalamikia magoti na wateja kwa pumzi moja. Kiti cha Sikio kilibaki kimeelekea mlangoni. Mkasi alinyoosha mkono akirudishe kilivyokuwa, akakifikia, halafu akakiacha.

Kabati likavuma. Mkasi alirudi upande wake wa meza, akakaa, mikono mapajani, kama sheria ilivyotaka.